Masweta Kumi na Moja

Chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi wa kikundi cha ngoma walimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuweza kumpita mtu ambaye nguo yake imefumuka chini bila kumsimamisha, kupiga goti na kuipinda pale pale, kwa sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake tangu asubuhi. Aliwahi kumsimamisha hivyo mkuu wa chuo mwenyewe, kwenye ngazi, mbele ya wageni, na mkuu akatulia kama mtoto anayevalishwa viatu mpaka uzi ukakatwa kwa meno.

Alikuwa fundi wa mavazi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukumbi wa mazoezi, chembamba, chenye dirisha moja lililo juu mno. Kulikuwa na cherehani mbili, moja nzima na nyingine ya kunyofolewa vipuri, na kamba tatu za nguo za ngoma zote ambazo kikundi kiliwahi kucheza. Wanafunzi waliingia na kutoka kutwa nzima, huyu kifungo, yule zipu, na kwa kuwa mtu anayepimwa kiuno hana pa kukimbilia, walizungumza. Bi Pindo alijua nani kamwacha nani kabla aliyeachwa hajajua. Na maneno hayo hayakutoka. Walisema kwamba ukimwambia jambo, amelishonea ndani.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Hakuwa ameolewa, na akiulizwa alijibu kwamba alipima wengi lakini wote walimbana kwapani. Aliishi chumba na sebule mtaa wa nyuma ya kituo cha mabasi, nyumba ya nne kutoka kwa dada yake mkubwa, mjane, karani wa posta aliyestaafu. Dada huyo alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka ishirini na saba, mkunga katika zahanati ya mtaa. Kila Jumapili mchana walikula pamoja wote watatu. Mkunga alimwita karani yule mama, na Bi Pindo akamwita mama mdogo, kama inavyopasa. Bi Pindo naye alimwita mkunga mwanangu, neno ambalo mama wadogo wote hulitumia, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuligeuza kulitazama upande wa pili.

Katika kikundi alikuwapo msichana wa mwaka wa tatu waliyemwita Unyoya. Ndiye aliyekuwa kiongozi wao, ndiye aliyetunga ngoma nyingi walizocheza, na alipokuwa akiruka ulisahau kusubiri kishindo cha kutua. Miezi minne kabla ya ziara ya kikundi, ile ziara ya kila mwaka ya kwenda kuwachezea watu viwandani, hospitalini, magerezani na kwenye kumbi za mitaa, Unyoya aliteguka kifundo cha mguu. Daktari alimfunga bandeji ngumu na kumkataza hata kupanda ngazi.

Akaanza kushinda kwa Bi Pindo. Aliweka mguu juu ya furushi la vitambaa na kuomba kazi. Alishona vifungo, tena vibaya. Akishaondoka, Bi Pindo alivifumua na kuvishona upya, wala hakumwambia. Alimpenda. Alipenda namna alivyouliza mambo, kwa kukutazama usoni kama mtu anayechungulia ndani ya kisima, na namna alivyokumbuka majibu. Alijua kwamba Bi Pindo hanywi chai ikiwa na sukari, kwamba goti la kulia humuuma mvua ikikaribia. Asubuhi moja alimletea mto wa kukalia.

Siku moja ya juma la tatu Unyoya alipokea simu, akasikiliza bila kujibu, akaikata. Alikuwa mama yake. Akaeleza kwamba mama huyo alimwacha kwa bibi akiwa mchanga, akaenda kuanza maisha mengine na watoto wengine, na sasa kila akisikia binti yake anasifiwa hupiga simu. Alisema mwanamke anayemwacha mtoto wake ni jiwe. Alisema hivyo mara mbili, akitafuta tundu la sindano na kulikosa.

Bi Pindo alikuwa amejizuia miaka ishirini na saba. Lau angeulizwa na polisi asingesema, na lau angeulizwa na kasisi asingesema pia. Lakini alimwonea huruma mtoto yule, na pengine alimwonea huruma na yule mama kwenye simu, ambaye hakuwa na wa kumtetea. Akasimamisha cherehani. Akasema si kila anayemwacha mtoto amemtupa. Halafu akasimulia.

Alikuwa na miaka kumi na sita, yuko shule, alipopata mimba. Aliyempa alikana, na kabla ya muhula kwisha wazazi wa kijana huyo wakahama naye. Dada mkubwa alikuwa ameolewa mji mwingine na baharia aliyekaa safarini miezi mingi, mwaka wa tano hajashika mimba, na ndugu wa mume walishaanza kuuliza kwa sauti. Mama yao, ambaye sasa ni marehemu, akayakata yote mawili kwa mkasi mmoja: mdogo aende kwa dada "kumsaidia kazi," na dada awatangazie watu kwamba ni mjamzito. Mtoto alizaliwa chumba cha ndani, mchana, kabla ya nguo zake kununuliwa. Kitu cha joto kilichokuwa karibu kilikuwa sweta la shule, la bluu iliyoiva. Wakamfunga humo. Siku ya tisa mama yao aliwakalisha mabinti zake wote wawili na kuwaapisha, kisha mdogo akarudishwa shule. Alirudi bila sweta. Gwaride la asubuhi aliitwa mbele kwa kukosa sare, akaulizwa sweta liko wapi, akajibu limepotea. Akasimamishwa peke yake mbele ya mstari siku nne mfululizo, katika baridi, mpaka mama yake akapata la kuazima.

Alimwambia Unyoya hata lile jambo dogo lililokuwa likimkwaruza kuliko yote: kwamba dada yake aligeuza habari ya sweta kuwa utani wa familia. Kila siku ya kuzaliwa mkunga aliambiwa, "Wewe ulikuja na haraka zako, ikabidi uvishwe sweta la mama yako mdogo," na wote watatu walicheka.

Unyoya aliweka sindano chini. Alimshika mkono. Baadaye, akiwa mlangoni na magongo yake, aliuliza kama kuna mtu mwingine ajuaye. Bi Pindo akasema hakuna, ni dada na mimi tu, na sasa wewe.

Kifundo kilipona. Unyoya akarudi mazoezini, akaanza kutunga ngoma mpya, na siku moja akaja na karatasi ya mavazi. Alitaka masweta ya shule ya bluu, kumi na moja. Bi Pindo alimuuliza kwa nini kumi na moja na wachezaji ni kumi na wawili. Unyoya akacheka, akasema ni ngoma ya wanafunzi watoro na mmoja wao ni mkaidi, havai sare. Bi Pindo alikwenda soko la mitumba, akachagua moja moja, akayafua, akayapunguza mikono, akayapaka rangi mpaka yakafanana. Alinieleza mwenyewe baadaye, mimi jirani yake, kwamba kuna usiku aliota anayahesabu. Lakini mchana hakujiuliza zaidi. Mtu uliyemwamini hukai ukimpekua.

Ziara ilianza kiwanda cha sabuni. Wafanyakazi walikaa kwenye mabenchi ya kantini, aproni zao bado zina unga mweupe, na jukwaa lilikuwa sakafu iliyofagiliwa kati ya meza. Kazi ya Bi Pindo wakati wa onyesho ilikuwa kusimama nyuma ya pazia na sindano iliyotungwa tayari, kwa hiyo ngoma zote alizijua kwa migongo. Hiyo mpya ilipoanza aliona msichana, mchezaji mdogo wa mwaka wa kwanza, akivua sweta lake na kufunga kifurushi. Akaona kifurushi kikipita kwenye mikono ya mwanamke mkubwa mwenye kilemba. Mwanamke akakibembeleza, na kutoka chini ya nguo zake akainuka mtoto amevaa sweta lile, akakua palepale mbele ya watu. Ngoma nzima haikuwa na maneno ila mawili. Mtoto alimgeukia mwenye kilemba akasema, "Mama." Akamgeukia yule msichana akasema, "Mama mdogo." Kisha wanafunzi wakajipanga mstari, wakiwa na masweta kumi na moja, na wa kumi na mbili akasimama mbele yao na blauzi tupu, mikono imekumbatia mabega.

Bi Pindo alisema alihisi kama amevuliwa nguo, na aliyemvua ametumia vifungo alivyovishona yeye mwenyewe.

Chumba cha kubadilishia kilikuwa stoo ya maboksi. Aliwangoja wengine watoke, akamzuia Unyoya mlangoni.

"Umenifanya nini?"

Unyoya hakujifanya haelewi. "Bi, hakuna jina lako humo. Hakuna mahali, hakuna mwaka. Nani atajua?"

"Mimi nimejua."

Unyoya akalia. Alisema hadithi ile ilimkaa kifuani, kwamba alipojaribu kutunga nyingine mwili ulikataa, kwamba tangu aisikie ameweza kupokea simu za mama yake. Alisema alikusudia kumwambia lakini kila siku aliahirisha. Bi Pindo alisimama akimsikiliza, na ubaya ni kwamba alimwamini, maana yote yalikuwa kweli. Mwisho akasema jambo moja tu. Onyesho la mwisho la ziara lilikuwa katika ukumbi wa mtaa wake mwenyewe. Dada yake angekuja, na mkunga angekuja, kwa sababu yeye mwenyewe alishawaalika na kujisifu kwao juma zima. Ngoma ile isichezwe pale.

"Haitachezwa," Unyoya akasema. "Kwenu hatutaicheza. Nakuapia kwa bibi yangu aliyenilea."

Basi yaliyobaki akayavumilia. Alipiga pasi masweta kumi na moja hospitalini, akayapiga pasi kwenye chuo cha ufundi, akayapiga pasi gerezani. Kwenye gereza la wanawake, ngoma ilipofika pale pa mstari, mfungwa mmoja wa umri wake alisimama kutoka benchi la tatu, akavua sweta lake la gereza na kwenda kumvika mchezaji mabegani, na askari hawakumzuia. Bi Pindo aliona hayo kutoka nyuma. Aliniambia kwa aibu kwamba kuanzia siku hiyo alisimama karibu zaidi na pazia. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia pole. Sasa watu wasiomjua walikuwa wakimwambia, na yeye alikuwa akiipokea gizani kama mwizi.

Jumatano ya juma la mwisho Unyoya alikuja chumbani kutengenezewa kamba ya bega. Alimletea orodha ya ngoma za Jumamosi, tatu, na ya masweta haikuwemo. Halafu akasema jambo ambalo lilimfurahisha Bi Pindo sana. Alisema miaka yote umeangalia migongo yetu, Jumamosi uko kwenu, kaa mbele na ndugu zako kama mgeni wa heshima. Wa mwaka wa kwanza watashika sindano. Bi Pindo akaenda kununua viatu.

Jumamosi saa kumi jioni ukumbi wa mtaa ulijaa mpaka madirishani. Viti vya plastiki vilikuwa vya wakubwa, watoto chini. Bi Pindo aliketi mstari wa pili, dada yake kushoto, mkunga kulia, bado amevaa sare ya zahanati kwa kuwa alitoka zamu moja kwa moja. Mkunga alimwekea mkono kwenye mkono wake, akamnong'oneza mzaha juu ya viatu vipya. Mbele kabisa waliketi wageni wawili, mwanamume na mwanamke, wenye madaftari. Bi Pindo hakuwahi kuwaona. Mwalimu wa ngoma aliwatambulisha: wametumwa kuchagua kikundi kitakachokwenda kucheza nje ya nchi.

Ngoma ya kwanza ilipita, ya pili ikapita. Kabla ya ya tatu taa zilififia kidogo, na wachezaji wakaingia wakiwa wamevaa masweta.

Alitaka kusimama. Lakini upande mmoja kulikuwa na dada, upande mwingine mkunga, na mbele watoto wamejazana sakafuni. Laiti angekuwa nyuma ya pazia angelivuta chini. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini amekalishwa mbele.

Sweta likavuliwa. Kifurushi kikafungwa. Dada yake, aliyekuwa akijipepea kwa kipande cha karatasi, aliacha kujipepea. Mkono wa mkunga ulikuwa bado juu ya mkono wa Bi Pindo, na ukawa mzito, kisha ukaondoka polepole. Jukwaani mtoto alikua, akamgeukia mmoja, akamgeukia mwingine, akasema yale maneno mawili.

Mkunga alitazama mpaka mwisho wa mstari wa wanafunzi. Halafu, akiwa ametazama mbele vilevile, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi, alisema, "Mama."

Wakageuka wote wawili.

Miaka ishirini na saba Bi Pindo alijizoeza kutogeuka. Mtoto alianguka akaita mama, hakugeuka. Mtoto aliungua na chai akaita mama, hakugeuka, alikata kucha zake kwa meno. Siku hiyo shingo ilikwenda yenyewe, na mkunga aliziona nyuso zote mbili kwa pamoja, zikimsubiri.

Mkunga akainuka, akapita kati ya watoto akiwaomba radhi mmoja mmoja, akatoka. Makofi yalikuwa yakiendelea. Mwalimu akashika kipaza sauti na kuwauliza watu wana lipi la kusema, na mzee mmoja muuza magazeti akauliza kama ni hadithi ya kutunga au ni ya kweli. Unyoya akachukua kipaza sauti. Aliwatazama wageni wenye madaftari. Akasema ni ya kweli, amesimuliwa na mwanamke wanayempenda sana, na mwanamke huyo yumo humu ndani leo. Shingo zikageuka ukumbi mzima, na kiti kilichoachwa wazi na mkunga kilikuwa kimeshasema kilichobaki.

Dada yake alitembea mbele yake njia nzima. Walipofika kwake alifunga mlango, akasimama na mkoba begani kama mgeni.

"Nani alimwambia yule msichana?"

"Mimi, dada."

"Nilivaa mito tumboni miezi mitano," dada yake akasema. "Nilimdanganya mume wangu mpaka akafa. Akiwa anakufa nilitaka kumwambia nikakumbuka kiapo, nikameza. Wewe umekwenda kumwaga mtama kwenye kuku wengi kwa sababu mtoto wa watu kaumia mguu."

Bi Pindo akasema naye amesalitiwa. Dada yake akamjibu, bila kupandisha sauti, kwamba hilo anaweza kwenda kumlilia aliyemsaliti, lakini asilie hapa. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema, ila mimi nguo yangu ilikuwa wewe.

Mkunga alikuja saa moja usiku, akasimama kizingitini. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza kama kuna mwingine yeyote ajuaye, marafiki, majirani, mtu yeyote, ili ajue ni nani anayekutana naye njiani akiwa anamjua zaidi ya anavyojijua. Aliposikia kwamba aliyejua ni mwanafunzi mmoja wa ngoma, na gereza zima, na kiwanda cha sabuni, alicheka kicheko kifupi. Alisema wanawake mia mbili amewazalisha kwa mikono yake, na kila mmoja wao yeye amemwambia ukweli wa mtoto wake kabla hajanawa damu, na nyumbani kwake mwenyewe alikuwa akichekwa kila siku ya kuzaliwa. Akachukua nguo zake kwenye mkoba mmoja na kuhamia kwenye vyumba vya wafanyakazi wa zahanati. Hakumwita yeyote kati yao kwa jina lolote.

Jumatatu Bi Pindo alikwenda kazini, maana hakujua pengine pa kwenda. Unyoya alimfuata. Kikundi kilikuwa kimechaguliwa, habari zilikuwa zimebandikwa ubaoni, na wa mwaka wa kwanza walikuwa wakipiga kelele uwanjani. Unyoya alisimama karibu na kamba za nguo.

"Mwalimu alisema wageni wamesikia sifa za hiyo ngoma, ndiyo wanayoitaka. Tusipoicheza hatuchaguliwi."

"Alisema lini?"

Unyoya akaanza kunyoosha mkono wa vazi lililo kambani.

"Nimeuliza lini."

"Jumanne."

"Jumatano ulikaa hapo nikakutengenezea kamba ya bega."

"Ndiyo, Bi."

"Ukanipa orodha ya uongo. Ukaniambia nikae mbele."

"Niliogopa ungeizuia." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyejirudia hayo usiku kucha mpaka akayaamini, kwamba siri ile ilikuwa ikimla Bi Pindo, kwamba sasa imetoka, na huenda siku moja watamshukuru wote watatu.

Bi Pindo alikuwa ameketi kwenye ule mto alioletewa. Aliinuka, akauondoa kitini, akampa mwenyewe. Akamwambia kwamba alimwambia habari ile ili asimchukie mama yake, na kwamba kama imefanya kazi hiyo, basi ampigie mama yake simu na kumweleza alivyoipata. Unyoya akaondoka na mto kwapani. Hawakuzungumza tena.

Alikwenda kwa mwalimu wa ngoma, akaomba ngoma ile iondolewe katika safari. Mwalimu alikuwa mtu mpole, alimkalisha, akammiminia maji ya kunywa. Akasema anamwonea huruma kwa dhati, lakini ngoma ni mali ya kikundi, na hadithi ikishasimuliwa haina mwenyewe. Bi Pindo alikunywa maji akayamaliza. Alirudi chumbani, akakamilisha kazi zilizokuwa mezani, pindo tatu na zipu moja, akapaka mashine mafuta, akaacha ufunguo kwa karani. Miaka kumi na tisa iliishia hapo. Kwenye ubao wa matangazo hakuna aliyebandika kitu.

Alipata kazi kwa seremala mmoja, ya kushona vitambaa vya makochi. Ni kazi isiyo na watu. Kochi halizungumzi, na yeye alisema hilo ndilo alilolipenda. Mtaani walimwangalia kwa muda, wengine kwa huruma, wengine kwa udadisi, muuza magazeti alimwomba radhi bila kujua hasa anaombea nini, kisha ukaja msiba wa mtu mwingine na mazungumzo yakahamia huko. Kikundi kilisafiri. Walisema kilipigiwa makofi watu wamesimama. Aliyemletea habari hiyo alidhani ni njema.

Dada yake alimsalimia wakikutana, "Habari za asubuhi," kama mtu wa ofisini, na kupita. Jumapili kila mmoja alikula kwake.

Mwezi wa tano tangu ile Jumamosi mkunga akabisha hodi. Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula. Aliingia akiwa na sare, akaketi kwenye kiti cha mlangoni, akakataa chai. Alisema amekuja kuuliza mambo ya kazi. Akauliza saa ngapi. Bi Pindo akajibu saa saba na robo mchana. Akauliza uchungu ulichukua muda gani, nani alikata kitovu na kwa kitu gani, kama mtoto alilia mara moja au alichelewa. Aliuliza kama anavyomuuliza mwanamke yeyote anayeingia zahanati, kwa mpangilio, bila kumtazama, na Bi Pindo alijibu yote: saa kumi na nne, bibi yako, wembe uliochemshwa, mara moja. Aliuliza kama alinyonya. Bi Pindo akasema siku nane.

Mkunga alitazama mikono yake.

"Kwenye ile ngoma," akasema, "anapompa yule mwingine mtoto, yule msichana anaanguka chini analia. Ulilia hivyo?"

Hapo ndipo Bi Pindo alipoona kwamba hata hilo amenyang'anywa. Angeweza kusema ndiyo. Wafungwa waliamini, wafanyakazi wa sabuni waliamini, na jibu hilo lingekuwa tamu kwa wote wawili.

"Hapana," akasema. "Hilo alilitunga. Mimi nilikuwa nimechoka. Nilikupa nikalala, nikalala mpaka kesho yake asubuhi. Nilipoamka ndipo nilipojua nimefanya nini, na wewe ulikuwa chumba kingine."

Mkunga aliitikia kwa kichwa kama anayeandika. Akasimama, akanyoosha sare yake. Hakusema mama, hakusema mama mdogo. Alisema yuko zamu ya asubuhi juma zima, Jumapili ijayo ana nafasi, na kuna mengine hajayauliza. Kisha akatoka, akapita nyumba ya dada bila kusimama, na Bi Pindo akabaki dirishani akimtazama mpaka akakata kona.